Tulimpandisha kaka yangu dunguni ili aache bangi

Wakuu, habari za huko mliko.

Kuna ndugu humu ameuliza rehab nzuri ya wanaume. Za siku hizi sizijui. Nitasimulia ya kwetu, Garsen, miaka ya hamsini, na sitatia chumvi. Nina miaka themanini na kitu, sina wa kumfurahisha.

Kaka yangu Komora alifanya kazi ya kuvusha watu mtoni. Bangi alifundishwa pale kivukoni. Wenzake walivuta jioni. Yeye alianza kabla ya chai.

Siku moja alimwacha mwanawe ukingoni, akalala. Mamba alikuwa karibu na mtoto kuliko baba mtu. Majirani wakamnyakua mtoto.

Shemeji yangu Mariamu akamchukua mtoto, akarudi kwao. Baba yake akasema, "Mpunga ukivunwa na bado anavuta, binti yangu harudi."

Tukaanza kutafuta tiba.

Dresa wa zahanati alimpa chumvi ya haluli. Komora akaendesha siku mbili. Ya tatu akavuta.

Tukampeleka kwa askari. Baba akaomba wamfungie mwezi mmoja tu.

"Kosa lake nini?" koplo akauliza.

"Anavuta bangi."

"Mzee, rudi naye nyumbani. Wanaomuuzia wote tumewafungia humu."

Ndipo Baba akafikiria dungu. Kwa wasiojua, ni jukwaa la miti shambani. Unakaa juu na kombeo, unafukuza ndege wasile mpunga. Letu lilikuwa katikati ya mafuriko.

Tukampandisha Komora, tukamwachia kombeo na madonge ya udongo, tukaondoka na mtumbwi. Kutoroka hakukatazwa. Chini kulikuwa na mamba.

Mimi nilimpelekea chakula. Hakula, hakulala, jasho lilimtoka kama mwenye homa. Alinitukania mama, ambaye ni mama yake pia.

Siku ya tano nilimhurumia, nikampelekea msokoto mmoja. Nimeahidi ukweli, huo ndio. Alivuta, akalia, akasema, "Mdogo wangu, usiniletee tena. Hata nikikuapiza."

Sikumpelekea tena, na kweli aliniapiza.

Wiki zikapita. Ndege wa mwaka ule walijuta. Komora alipiga kombeo, aliimba, alinenepa. Tukavuna. Maji yakashuka hadi vifundoni, mamba wakarudi mtoni.

Baba akasimama chini ya dungu. "Komora, shuka. Umepona."

"Huku juu nimepona, Baba. Huko chini sijui."

Siku tatu alikataa. Akakaa peke yake juu ya shamba tupu, kombeo mapajani, ndege wenyewe wamekwenda zao. Tulikuwa tumehangaika kutafuta pa kumpeleka. Pa kumrudisha hakuna aliyepafikiria.

Siku ya nne Mariamu akaja, mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa amesikia habari, akatimiza neno lake.

Hakumwita mumewe. Alikunja leso, akapita matopeni, akapanda ngazi. Sisi chini tulisikia neno moja tu:

"Sogea."

Walikaa huko juu wiki nzima, wote watatu. Kisha wakashuka wenyewe. Kivukoni hakurudi, alilima mpaka kufa kwake.

Somo nililolipata: kituo kitamtoa mtu kwenye bangi, lakini siku ya kutoka atauliza anarudi kwa nani. Lijibuni hilo mapema.

Aliyewahi kumpokea mtu wake kutoka huko, aandike hapa alifanyaje. Nasoma polepole, lakini nasoma.