Mzigo Usioandikwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi mjini Nyeri, nimesimama kwenye dirisha la mapokezi la gereji ya kampuni iliyoniuzia pikapu, nikimfokea msichana wa watu. Ilikuwa mara ya tatu kulirudisha gari lile. Kila mara walikaa nalo kutwa, wakanikabidhi jioni limeoshwa linang'aa, na kwenye fomu wameandika kwamba halina tatizo. Mimi sikuwa nimelipeleka kuoshwa.

Pikapu ilikuwa mpya, haijamaliza mwaka, na kila nilipopanda mlima ilikuwa ikilia kwa nyuma na kuyumba. Sasa nikuambie ukweli ambao siku hizo niliuficha. Nilikuwa nikitoa mchele Wang'uru kuuleta Nyeri, na gari la tani moja nililipakia karibu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilidhani chuma hakichoki.

Siku ya kwanza, msichana wa mapokezi, Nafula, binti wa polisi wa kule Kiganjo, aliniuliza kwa upole huwa nabeba nini. Nikainama dirishani nikamnong'onezea. "Lakini usiandike," nikamwambia. "Wakijua, waranti yangu imeisha, sitatengenezewa bure tena." Alisita, kisha akanihurumia, hakuandika. Basi mafundi, ambao hawakuruhusiwa kuonana na mteja, walisoma fomu ile, wakalizungusha gari tupu mjini, wasisikie chochote. Wangesikia nini?

Siku hiyo ya tatu nilifoka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Akaichukua fomu, akamuuliza Nafula mbele ya wateja wote, "Hukumuuliza mteja anabeba nini? Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Nafula alinitazama mara moja tu. "Nilisahau, bosi," akasema.

Akaambiwa aende nyumbani mpaka aitwe. Nami, mwanangu, nilinyamaza. Nilimwona akifungua droo, akatoa kikombe chake cha chai, akakifunga kwa leso, akapita karibu nami. Hata leo naona haya kusimulia.

Kwenye benchi la wateja, chini ya dirisha lile lile, alikuwapo Mzee Muriuki, mkulima wa chai kutoka Wamagana. Alikuwa akingoja kipuri alichoahidiwa kitafika kesho, na kesho hiyo alikuwa ameingoja siku kumi, akija kila asubuhi. Kwa hiyo alikuwa ameyasikia yote, ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu. Hakuinua sauti.

"Kijana," akasema, "hawa watu wamenisumbua, na mimi niko na haki ya kukasirika. Wewe uko na haki gani? Ulimwambia ati asiandike. Sasa huyo mtoto amebeba mzigo yako na wewe unaangalia tu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda leo angeona aibu."

Masikio yaliniwaka. Nilitamani kutoka nje nikakae garini, lakini mzee alikuwa bado ananitazama. Nikagonga mlango wa msimamizi, nikamweleza kila kitu. Waranti ilikatwa papo hapo, springi mpya badala ya zile zilizochoshwa na mzigo nikazinunua mwenyewe, na mama yangu alinicheka mwezi mzima. Nafula aliitwa kazini baada ya siku mbili.

Niliporudi kwa sevisi, nilimkuta dirishani. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwomba msamaha, yote yakaniishia mlangoni. Alivuta fomu mpya, akashika kalamu bila kuniangalia.

"Leo niandike nini?" akauliza.

"Andika yote," nikasema. Ndipo akainua macho.

Mwanangu, sasa nawe una gari lako, na gereji zitakukasirisha. Utaambiwa kesho mpaka uchoke, na utarudishiwa gari safi lenye ugonjwa ule ule. Dai haki yako, usiogope mtu. Lakini kabla hujainua sauti, jiulize ni nini ulichoficha na ni nani anakibeba kwa niaba yako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilijifunza kwamba wakati mwingine humuumbua kwanza yule aliyekusaidia kuficha.

Mungu akupe safari njema na ulimi wa kusema kweli mapema. Na siku utakapomwona mtu akiondoka na kikombe chake kwa kosa lako, akupe nguvu ya kumwita arudi kabla hajafika mlangoni.