Kalamu Tisa za Mjomba Saandi

Mwanangu, salamu zako zilinikuta nafua. Niliposikia kwamba kalamu za wino za marehemu baba yako zimefika mikononi mwako na hujui uziweke vipi, niliziacha nguo kwenye beseni nikaketi. Swali lako si gumu, nitalijibu. Ila mimi niliwahi kukabidhiwa kalamu za mtu, nikaelekezwa vizuri kabisa namna ya kuzitunza, nikaitikia, kisha nikaziharibu. Kisa hicho sijamsimulia mtu wa rika lako hata mmoja. Nivumilie kidogo, maana siku hizi siwezi kufika kwenye jambo bila kuzunguka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, na utawala wa mapinduzi ulikuwa umewaachisha kazi makarani wote wa serikali. Sisi wanafunzi wa sekondari ndio tuliowekwa kwenye kamati na ofisini mahali pao. Sikuambii haya ili uwacheke vijana wale. Nilikuwa mmoja wao, na tuliamini kwa moyo wote. Tuliambiwa kwamba nchi itakuwa ya wakulima na wavuvi, kwamba watu hawatauza mashamba tena ili wafanye harusi kubwa, na mimi nililala na kuamka na maneno hayo.

Mmoja wa makarani walioachishwa kazi alikuwa Mjomba Saandi, kaka yake mama yangu. Alizaliwa Mutsamudu kama sisi, lakini alivuka bahari akaoa Moroni, akaishi nyumbani kwa mkewe katika vichochoro vya Badjanani, hatua chache tu kutoka Msikiti wa Ijumaa. Nilipokuja Moroni kusoma nililala kwake. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na alikuwa na kitu kimoja tu cha kujionea fahari: kalamu tisa za wino. Nyingine alizinunua mwenyewe, nyingine alipewa zawadi. Ile ya kijani, yenye mishipa myeupe kama jiwe la thamani, aliletewa na mdogo wake aliyekuwa akiishi Majunga, ng'ambo ya bahari. Mdogo wake huyo aliuawa hukohuko Majunga, wenyeji walipowageukia watu wa visiwa vyetu, miezi michache tu baada ya kuituma. Wewe wazee wako wamekusimulia habari hizo, sina haja ya kuzirudia.

Kalamu hizo zilikaa katika sanduku la mbao alilotengenezewa na seremala wa Itsandra. Ndani lilitandikwa kitambaa cha pamba, na kila kalamu ilikuwa na mfereji wake. Kila Ijumaa baada ya swala alilifungua akaziacha zipate hewa nusu saa. Sisi vijana wa nyumbani tulikuwa tukikonyezana.

Basi mafaili ya serikali yakachomwa. Mjomba alikuwepo siku yaliposhushwa uani pale alipokuwa akifanya kazi. Aliniambia baadaye kwamba katika moto ule aliona mwandiko wake mwenyewe wa miaka ishirini. Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa kamati alimchomoa kalamu mfukoni, akaitupa chini, akaikanyaga, akamwambia kwamba yeye ni mabaki ya wakoloni na kwamba watakuja kutazama nyumbani kwake kuna nini zaidi. Kalamu ile haikuwa katika zile tisa. Lakini Mjomba aliogopa.

Asubuhi niliyokuwa naondoka kuhamia kamati ya Mutsamudu, aliniita chumbani. Alikuwa amezifunga kalamu moja moja kwa vitambaa, akazitia katika mfuko wa nguo.

"Eshata, mwanangu, sanduku siwezi kukupa, litaonekana," alisema. "Zichukue hizi ukaniwekee kwa mama yako. Saba ni safi na kavu. Hizi mbili zilizofungwa kwa uzi mweusi zina wino ndani, sikuwahi kuziosha. Ukifika tu, zioshe kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, uzikaushe kivulini. Kisha weka zote chumbani kwa mama yako, pasipo jua wala joto. Usiziweke jikoni. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Rudia nilivyosema."

"Mjomba, boti itaniacha!"

Alinitazama, akanipa mfuko, akaniombea dua. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama.

Sasa nikuambie nilichokifanya, na nitakuambia kama kilivyokuwa. Nilifika Mutsamudu nikakuta wenzangu watatu wa kamati wananingoja barazani kwetu. Mmoja alinipokea mizigo. Nikaushika ule mfuko kwa nguvu, akauliza kuna nini humo, nikasema nguo zangu za ndani. Walicheka. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama, na kwa kuwa hakuwepo, nikachukua kopo la biskuti. Nilivua vile vitambaa kwa sababu kalamu hazikuenea navyo, nikazibana zote, kavu na zenye wino pamoja, kwa utepe wa mpira uliokuwa umefungia pakiti ya dawa, nikazisukumia ndani. Nikapanda juu ya kinu nikalisukuma kopo kwenye boriti, chini ya bati, juu kabisa ya mafiga.

Nilijiambia nitarudi kesho. Sikurudi. Mama sikumwambia. Kazi ya kamati ilikuwa nyingi, na kila nilipoingia jikoni sikutazama juu. Ulipita mwaka na zaidi.

Kisha utawala ule ukaanguka, na mambo yakageuka kwa siku chache tu. Wiki kadhaa baadaye Mjomba akaja Mutsamudu. Alikuwa amekonda zaidi, lakini uso ulikuwa mkunjufu. Baada ya kula alimwambia mama kwamba watu wanamjia Badjanani kila siku. Vyeti vyao vya kuzaliwa vimeungua, kumbukumbu za mashamba zimeungua, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika mengi ya hayo na anayakumbuka, wanamtaka awaandikie barua na ushahidi ili wapate kuanza upya.

"Nimezifuata kalamu zangu," akasema, akinigeukia. "Mikono imezizoea."

Mwanangu, nilitamani aseme chochote kingine. Nilikwenda jikoni, nikapanda, nikalishusha kopo. Lilikuwa jeusi kwa moshi na kutu, na kifuniko kilitoka kwa kisu. Nikamletea hivyo hivyo barazani, kwa sababu sikuwa na uwongo wowote wa kutosha.

Ule mpira ulikuwa umeyeyuka ukagandamana na kalamu tatu kama gundi. Zile mbili zenye wino zilikuwa zimevuja, na wino ulikuwa umekauka ukala ncha mpaka zikatoboka. Vishikizo vya kuchomekea mfukoni vilikuwa na kutu. Ile ya kijani ilikuwa imepinda kwa joto, kifuniko hakiingii wala hakitoki, na mishipa yake myeupe imekuwa rangi ya chai.

Mama alishika mdomo. "Eshata! Hivi vilikuwa humu nyumbani kwangu nami sijui?"

Mjomba alimwashiria anyamaze. Aliishika ile ya kijani kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa namngoja anipigie kelele. Laiti angenipigia kelele.

"Uliziweka kule kwa sababu uliogopa," aliuliza, "au uliona haya?"

Ningeweza kusema niliogopa. Angenisamehe palepale, kwa kuwa kila mtu aliogopa miaka ile.

"Niliona haya, Mjomba," nikasema. "Sikutaka wenzangu wajue zinatoka kwako."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia, mwanangu. Pale pale chumbani ungeniambia, Mjomba, mzigo huu siuwezi. Nisingekuchukia. Ningemtafuta mtu mwingine."

Ndilo karipio lote alilonipa, na mpaka leo sijapata kukaripiwa vikali kuliko vile.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikunja mikono ya kanzu yake akasema, "Leta beseni. Maji baridi, si ya moto, ya moto yatazimaliza." Tukaketi sisi wawili kwenye mkeka. Siku tatu tuliloweka, tukabadilisha maji, tukaloweka tena. Alinifundisha kusugua kwa kitambaa cha pamba na kuuondoa ule mpira kwa ukucha kidogo kidogo. Alinifundisha kungoja, jambo lililonishinda kuliko yote. Mara nyingine alinisimulia juu ya mdogo wake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya utotoni na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku ya pili nililia, naye akaniacha nilie, akaendelea kusugua.

Sita zikapona. Mbili zilizokuwa na wino hazikupona, na ile ya kijani haikuandika tena. Aliifunga kwa kitambaa akaitia katika mfuko wa joho lake.

Asubuhi ya kuondoka kwake aliziweka zile sita juu ya mkeka, akazitenga tatu, akazisogeza upande wangu.

"Hizi utaniwekea wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mjomba, baada ya haya yote?"

"Baada ya haya yote ndiyo maana," alisema. "Na uziandikie. Hapa Mutsamudu pia watu wameunguliwa na karatasi zao, na wewe una mwandiko mzuri. Kila mwezi niandikie barua. Nikiona wino unakatika nitajua hujaziosha."

Basi nikawa naketi barazani kwetu, mimi niliyeshangilia makarani walipofukuzwa, nawaandikia wanawake wa mtaani barua za kuomba vyeti vya watoto wao. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mapacha, hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha siku waliyozaliwa. Nilipomaliza kumwandikia aliishika ile barua kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu kama ya mazishi. Na barua za Mjomba niliziandika kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja, mpaka alipofariki. Mara mbili alinijibu neno moja tu: "Osha."

Haya, mwanangu. Zako zifanye hivi. Zitoe wino zote, hata ile unayodhani ni tupu. Zioshe kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, uziache zikauke kivulini siku nzima, ncha ikitazama chini juu ya kitambaa. Zifunge moja moja kwa pamba laini zisigusane. Usizifunge na mpira. Usizitie dawa ya nondo. Usizifungie kwenye kopo lisiloingia hewa, maana pwani yetu ina unyevu. Sanduku la mbao linatosha, chumbani, mbali na dirisha na mbali na jiko, nawe ulifungue mara moja kwa wiki. Ile unayoiandikia isimamishe ncha juu ukiiweka, na usipoigusa kwa wiki mbili, ioshe.

Hayo ni ya kalamu. Lililobaki ni la kwako. Mtu akikukabidhi kitu chake, msikilize mpaka mwisho, na ikiwa moyo wako haumo, mwambie hapo hapo, hata kama ni mzazi wako, hata kama boti inakungoja. Ukikosea, sema ulichokosea kwa jina lake, usikipe jina jepesi zaidi. Na siku mdogo wako atakapokuharibia kitu unachokipenda, muulize kwanza kwa nini, halafu keti naye mkitengeneze kinachotengenezeka, na akimaliza kujifunza umpe tena.

Mola akutilie baraka mikononi mwako, mwanangu. Akupe watu wa kukuamini, akupe na moyo wa kuistahili imani yao. Amrehemu baba yako, na amrehemu Mjomba Saandi na mdogo wake. Amina.