Moshi Kwenye Wimbo wa Tatu

"Kaseti mpya ya Wana wa Feri inatoka Mombasa Jumatatu ya wiki ijayo. Alhamisi yake, siku ya mnada, itapigwa hapa hapa Garsen. Mvua inyeshe, barabara ikatike, mto upande miti, itapigwa! Isipopigwa, redio yangu ya deki mbili ni ya Jibril, na mimi mwenyewe nitasimama mlangoni kwake nikikata tiketi za filamu za Kihindi."

Hayo aliyasema Abdia Dukicha, muuza maziwa, mwanzoni mwa Novemba 1997, kwa kipaza sauti kisicho chake. Kilikuwa cha mgombea ubunge mmoja aliyekuja kutuahidi daraja, na wakati huo alikuwa ameshuka kwenye lori kunywa maji. Aliporudi juu akakuta mkutano mzima unabishana kuhusu kaseti. Sijui alipata kura ngapi. Ninachojua ni kwamba siku ile watu waliondoka na ahadi moja tu kichwani, na haikuwa yake.

Jibril, mwenye ukumbi wa video, alikuwa amesimama mstari wa mbele na tasbihi mkononi. "Mashahidi mko?" akauliza. Mashahidi walikuwa soko zima, pamoja na ng'ombe.

Abdia alikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba yake ana ng'ombe, shangazi yake ana ulimi, na yeye alirithi kidogo huku na kidogo kule. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa ya asubuhi, kuyajaza kwenye keni za alumini na kuyapakia kwenye basi la Malindi. Jioni keni hurudi tupu. Siku nyingine alikwenda nazo mwenyewe, na katika siku moja kama hiyo, akisubiri keni zake nje ya kinyozi mmoja wa Malindi, akasikia kijana anaongea ndani ya redio kwa kasi ya ajabu, bila kupumua, kila sentensi ikimalizia pale ilipomalizia mwenziwe.

Akamuuliza kinyozi, "Huyu anagombana na nani?"

"Hagombani, dada. Hii ni rap. Vijana wa Mombasa hao."

"Basi mimi nyumbani ninayo tangu nizaliwe. Shangazi yangu akikataa bei ya maziwa huwa hivi hivi."

Alirudi Garsen na kaseti moja. Mwaka ulipoisha alikuwa na thelathini. Aliuza mtamba, akanunua redio ya deki mbili, akaanza kunakili na kuuza katika kibanda kile kile cha maziwa: huku vikombe, huku kaseti. Ukitaka kumkasirisha, mwambie rap ni kelele. Ukitaka akucheleweshe mpaka chai ipoe, muulize nani yuko kundi gani. Alijua kwamba fulani amegombana na fulani kwa sababu ya kofia, kwamba kundi la watano limebaki na wawili, kwamba yule aliyekuwa akiimba mapenzi sasa anaimba ushuru wa soko. Habari hizi hazikuwa kwenye gazeti wala redioni. Vijana hao walirekodi katika chumba kimoja Kisauni, magodoro yamesimamishwa ukutani ili majirani walale, wakanakili kaseti hamsini, wakaziuza wenyewe kwenye mkoba. Ili kuwafuata ulihitaji mtu. Mtu wa Abdia alikuwa Kadenge, makanga wa basi la Malindi, Mgiriama mwenye masikio mazuri na meno matatu ya mbele.

Njia yao ilikuwa hii. Kadenge akipata kaseti mpya aliifunga kwenye nailoni, akaitia ndani ya keni tupu ya Abdia, akafunika. Nani ataiba keni tupu inayonuka maziwa? Keni ikifika Garsen, Abdia hutoa kaseti kwanza, kisha huosha keni, kisha huifukiza. Kwa msomaji wa mbali: maziwa ya Waorma, watu wa Abdia, bila moshi si maziwa, ni maji meupe. Chombo hutiwa vijinga vya mti maalumu, hufunikwa, hutikiswa, mpaka ndani kote kunukie moshi. Mwanamke wa Kiorma huweza kusahau jina la mkwewe, lakini hasahau kufukiza. Kwa hiyo kaseti zetu zote zilinukia moshi kidogo, na vijana wa Garsen walikuwa wakizinusa kabla ya kununua. Iliyonakiliwa Tarasaa, mji wa jirani, haikunuka kitu. Feki.

Vipenzi vya Abdia walikuwa hao Wana wa Feri, na hasa mmoja wao, Kalama, aliyefungua kaseti ya kwanza hivi:

*Feri ikijaa sisi ndio wa nyuma,*
*wenye magari mbele, sisi ndio wa kusukuma.*

Huku kwetu hakuna feri, lakini kila mtu amewahi kusukuma gari la mwenzake.

Basi. Abdia alijigamba Alhamisi. Jumamosi mto ukaja kusikiliza.

Mnaokumbuka mvua za El Nino mnakumbuka. Tana ilitoka kitandani ikaingia mashambani, ikapita kwenye mahindi, ikagonga milango. Barabara ya kwenda Tarasaa ikakatika vipande, kama biskuti kwenye chai. Mabasi ya Malindi yakawa yanafika Tarasaa, yanatazama maji, yanageuka. Na Garsen tukabaki kisiwani, tukinunua sukari kwa heshima.

Jibril alianza kupita kibandani kila asubuhi kuisalimia redio. Si Abdia. Redio.

"Umeamkaje, binti yangu," alikuwa akiiambia, akiipangusa vumbi kwa kanzu. "Kwangu utapata meza ya mbao."

"Kaka Jibril, ondoa mkono. Hujaiposa bado."

"Mimi nazoeana tu. Alhamisi si mbali."

Abdia alicheka, lakini Jumanne, alipodhani hakuna anayemwona, alionekana amekaa mbele ya redio ile akiwa amezima kila kitu, anabonyeza vitufe bila kaseti. Maziwa yalikuwa hayaendi popote. Redio ndiyo iliyobaki ikimpa chakula, na ndicho kitu pekee alichowahi kununua bila kumwomba mtu ruhusa. Aliiweka rehani kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumatano asubuhi ikaja habari na mpiga kasia Tuneya, Mpokomo aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi. "Kadenge anakusalimu. Anasema mzigo wako umefika Tarasaa. Ameuacha kwa shangazi yako."

Abdia alitia mguu mtumbwini kabla Tuneya hajamaliza salamu.

Safari ilikuwa nusu kasia, nusu miguu, na sehemu nyingine hazikuwa hiki wala kile, ni tope tu lenye kiburi. Walipita juu ya shamba la mtu, Tuneya akaonyesha kwa kasia, "Hapo chini ni maharage." Saa nane mchana Abdia akafika kwa shangazi Barwako, kwenye kilima kidogo nje ya Tarasaa ambako ukoo ulihamia na ng'ombe wao. Amechafuka mpaka kiunoni, anatabasamu.

Tabasamu likamwishia mlangoni. Shangazi alikuwa ameketi kigodani, keni mapajani, kifuniko kimebanwa kwa viganja viwili, anaitikisa taratibu huku akiimba. Moshi ulikuwa unachungulia pembeni.

"Shangazi! Hiyo keni!"

"Karibu, mwanangu. Ni yako, ameileta yule makanga wa meno matatu. Ameiosha, masikini, imekauka vizuri. Nikasema usije ukaikuta haijafukizwa, ukaniona nimezeeka."

"Ulitazama ndani?"

"Nitazame nini ndani ya keni? Keni ina maziwa au haina." Akainusa kifunikoni, akakunja uso. "Ila vijinga vya leo vina harufu mbaya. Kama ndala imeungua."

Abdia aliinyakua, akaimwaga nje. Vikatoka vijinga vitatu, nailoni iliyogandamana, na kaseti iliyopinda mgongo kama mtu aliyekaa kwenye basi la usiku mpaka Nairobi. Upande mmoja plastiki ilikuwa imeyeyuka, gurudumu halizunguki.

Shangazi akaishika kwa ncha za vidole. "Hii ndiyo redio wanayosema utamkabidhi Jibril?"

"Hii ndiyo iliyokuwa iniokoe, shangazi."

Barwako aliigeuza upande ulioyeyuka, akaukwaruza kwa ukucha. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kaseti yake mwenyewe, moja pekee aliyokuwa nayo: mawaidha ya Ramadhani, ya maalimu mmoja wa Lamu, ambayo aliyasikiliza kila Ijumaa akikamua.

"Ina ganda zuri," akasema. "Toa ya ndani, tia yako."

"Na maalimu?"

"Atasamehe. Kazi yake ni hiyo."

Wakakaa chini wote wawili. Skrubu tano za mawaidha zikafunguliwa kwa ncha ya kisu cha kuchinjia kuku. Utepe wa rap ukatolewa ndani ya ganda lililoungua, taratibu, kama unavyomtoa mtoto mwiba. Karibu wote ulikuwa mzima. Kipande kimoja tu, urefu wa mkono, kilikuwa kimekunjamana kwa joto. Kukikata Abdia hakuthubutu. Ni wimbo wa mtu huo. Akakinyoosha kwa kukipitisha juu ya kikombe cha chai ya moto, kidogo kidogo, shangazi akishika ncha ya pili na kutoa amri. Kisha wakaurudisha wote kwenye ganda la maalimu kwa kuuzungusha na kalamu ya Biki. Redio ndogo ya shangazi ilikuwa imeishiwa betri. Hakuna aliyejua kama itapiga.

Tuneya alimrudisha Abdia usiku huo huo, na Alhamisi saa nne asubuhi ukumbi wa Jibril ulijaa. Mnada ulikuwa umelala kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo watu walikuja kuuza na kununua aibu ya Abdia. Redio ya Abdia ilikuwa imeletwa mezani, mbele ya mashahidi. Jenereta ikanguruma. Jibril akapokea kaseti, akaisogeza mwangani.

"Imeandikwa 'Mawaidha ya Ramadhani'."

"Soma kwa masikio, kaka Jibril."

Akainusa. "Huu si moshi wa kawaida. Hii ni ajali."

Akaitia. Kukawa na mkwaruzo, halafu ngoma, halafu sauti ya Kalama, safi, inakimbia. Ukumbi ukalipuka. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Abdia akaanza kupumua. Wa tatu ulikuwa wa polisi na mkokoteni, na katikati ya mstari wa nane Kalama akaanza kuzama. Sauti ikateremka, ikateremka, ikawa ya fahali mwenye mafua, ikatetemeka chini huko, kisha ghafla ikapanda juu kama ndama aliyeona mama yake, ikarudi njiani na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtu mmoja wa mbele akainama kutazama spika.

Jibril alisimama, mkono juu. "Imeharibika! Mmesikia? Redio ni yangu!"

Watu wote wakamgeukia Abdia. Angeweza kusema huo ndio mtindo mpya wa Mombasa, nani angembishia? Lakini alikuwa amechoka, na tope lilikuwa bado kwenye kucha.

"Imeungua," akasema. "Keni ilifika kwa shangazi, na shangazi akaifukiza. Na kaseti ikiwa ndani."

Wa kwanza kucheka walikuwa kina mama wa maziwa, huko nyuma. Mmoja alicheka mpaka akamkalia mwenzake. Kila mmoja wao alijiona na keni mapajani. Kila mmoja alijua mkono wake ungefanya hivyo hivyo. Kisha vijana. Kisha mmoja akapiga kelele, "Rudisha hapo! Hapo alipofukizwa!"

Jibril akarudisha. Sauti ikazama, ikapanda. Kelele. "Tena!" Akarudisha tena. Mara ya tano ukumbi mzima ulizama na Kalama na kupanda naye, wazee na tasbihi zao wakiwa ndani.

Abdia akamsogelea Jibril. "Nilisema itapigwa. Nilisema itapigwa vizuri?"

Jibril alitazama redio kwa mara ya mwisho, kwa huzuni ya mchumba. Kisha akatazama ukumbi wake, ambao tangu mvua ianze ulikuwa na watazamaji wawili na paka. "Hukusema," akakiri. "Lakini kesho utaipiga hapa tena, au tutakwenda kwa kadhi."

Kutoka kaseti ile moja Abdia alinakili za kutosha kufunika delta. Zilivuka kwa mitumbwi mpaka kijiji cha Hewani, zikapanda mpaka Kinakomba, zote na moshi wake kwenye wimbo wa tatu. Vijana wakichunga ng'ombe walikuwa wakizamisha sauti mstari wa nane, na kuna fahali mmoja aliyeanza kuitikia.

Maji yalipotoka na barabara kufunguka, Kalama mwenyewe alikuja. Kijana mwembamba, viatu vikubwa, alitaka kuona mji ambao una mashabiki wake wengi kuliko mtaa wake. Aliimba kwa Jibril. Wimbo wa tatu, mstari wa nane, akaupita moja kwa moja, safi kabisa.

"Moshi!" watu wakapiga kelele. "Moshi uko wapi? Huyu si yeye!"

Kalama akasimamisha. "Moshi gani, jamani? Wimbo ni wangu."

"Ni wako mpaka Tarasaa," Abdia akamwambia. "Kutoka Tarasaa mpaka hapa ni wa shangazi yangu." Akampigia kaseti. Kalama alisikiliza mara tatu, sikio kwenye spika, hakucheka. Halafu akarudi mbele, akazama mstari wa nane kwa koo lake mwenyewe, akapanda. Wakambeba. Alipoondoka aliondoka na kaseti ishirini za Abdia kwenye mkoba, za kwenda kuuza Mombasa, na shangazi Barwako akamsindikiza hadi kwenye basi akimweleza kwamba yeye ni fundi mitambo.

Redio ya deki mbili iko pale pale kibandani, kati ya vikombe na keni. Nyuma yake Abdia amebandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono. Kaseti safi, shilingi themanini. Kaseti yenye moshi, shilingi mia na ishirini.