Zebaki Katika Mkojo wa Violeth

Agnetha aliitazama namba ya zebaki kwenye kioo cha kompyuta, akaisoma tena. Ilikuwa juu mno. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtaalamu wa maabara pale Kalangalala, akipima udongo na maji ya wachimbaji. Leo alikuwa amepima mkojo wa mdogo wake, Violeth, mwenye mimba ya miezi sita.

Violeth aliishi Buseresere. Mumewe akirudi kutoka machimboni na dhahabu iliyoshikana na zebaki, yeye ndiye huichoma kwenye jiko la mkaa ili zebaki itoke, mlango ameufunga ili majirani wasijue kuna kitu kimepatikana. Moshi wote wa zebaki hubaki ndani naye.

Labda mashine imekosea, Agnetha alijiambia. Sampuli hupulizwa ikawa ukungu, ukungu ukapita kwenye moto mkali unaozivua atomi elektroni zake. Kisha vyuma vinne vyenye umeme huzichambua atomi hizo kwa uzito, na zile za zebaki, zenye uzito wa mia mbili na mbili, huhesabiwa. Lakini zebaki hung'ang'ania mirija ya mashine, na kabla ya mkojo ule alikuwa amepitisha tope la mgodini. Huenda yalikuwa mabaki ya tope tu.

Angeweza kuishia hapo, akaenda nyumbani na tumaini lake. Tumaini la namna hiyo ni uongo, na yeye hakuwa mtu wa kujidanganya. Akaosha mirija kwa asidi yenye dhahabu kidogo, maana dhahabu huikamata zebaki na kutoka nayo. Akapitisha maji matupu. Hesabu ikashuka, ikashuka, ikakaribia sifuri. Akarudisha mkojo wa Violeth.

Namba ikapanda, ikafika palepale pa mwanzo.

Akampigia Violeth simu.

"Shikamoo dada! Mashine imekwambia ni mapacha?"

"Marahaba. Uko wapi?"

"Jikoni, nachoma."

"Acha hapo hapo! Toka nje, mlango uache wazi!"

"Dada, watu wataona."

"Na waone! Zebaki imo mwilini mwako. Toka!"

Kitu kilianguka, bawaba zikalia. Kisha zikasikika pumzi za Violeth na sauti za kuku.

"Nimetoka." Utani wote ulikuwa umemwisha. "Na mtoto, dada?"

Agnetha alitamani kusema mtoto yu salama. Mashine haikuwa imemwambia hivyo.

"Sijui," alijibu. "Usirudi humo ndani. Nakuja, twende hospitali."

Agnetha alivua koti la maabara, simu ameibana sikioni, akisikiliza pumzi za mdogo wake.