Nilivyopanga upya batani za PDF ili mke wangu asome kwa kidole cha mguu

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Kongo.

Haya ninayoandika mke wangu ameyasoma kwanza. Kaniambia nitoe sentensi mbili, nimezitoa. Yaliyobaki yote yametokea nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja ya malori. Naishi Kapata, kwenye zile nyumba za mistari ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi zamani. Babu yangu aliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na sisi tumebaki.

Kiswahili chetu si kama chenu wa Dar au Mombasa. Nitajitahidi kueleweka, ila watu wa nyumbani wakiongea nitawaacha waongee kama wanavyoongea: wa na vi zenu kwetu ni ba na bi, na ndiyo yenu kwetu ni njo.

Twende.

Mke wangu alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Alibakiza kitu kimoja: kuandika kazi yake ya mwisho na kuitetea mbele ya jopo la walimu. Huku tunaita défense.

Mada yake ilikuwa kwa nini akina mama wa Kasulo, mtaa mmoja wa hapa mjini, wanachelewa kwenda kliniki mimba ikiwa bado changa. Alizunguka Kasulo nyumba kwa nyumba na tumbo lake mwenyewe likiwa mbele, akipita kando ya mashimo ya watu wanaochimba kobalti hadi chini ya vyumba vyao vya kulala, akiuliza maswali na kuandika majibu.

Kisha tukapata mapacha.

Kwetu Waluba pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Hakuna kuumiza kichwa kutafuta majina. Toka siku hiyo mke wangu akawa Mama Mbuyi kwa kila mtu, hata kwangu.

Waliolea mapacha humu wanajua. Mmoja akilia, mwingine anaamka kumsaidia. Njaa yao ni moja na inakuja kwa pamoja. Kwa hiyo Mama Mbuyi alikuwa anakaa kwenye kiti, mto mapajani, Mbuyi kushoto, Kabanga kulia, wote wananyonya, mikono yake yote miwili imeshikilia vichwa.

Na kazi yake yote ya shule ilikuwa kwenye simu. Kompyuta hatuna. Mwalimu wake alikuwa anamtumia masahihisho kwa WhatsApp, PDF yenye maandishi pembeni: hapa fupisha, hapa eleza, jedwali hili halieleweki.

Siku moja narudi kazini namkuta anasoma. Simu ameilaza kwenye kigoda mbele yake, mguu wa kulia uko juu, na kidole gumba kinasogeza ukurasa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa katikati ya sentensi.

Wakuu, kidole cha mguu kinafanya kazi vizuri tu kwenye skrini. Tatizo ni upana wake. App ile ya kusomea PDF ilikuwa na toolbar juu, batani ndogo ndogo zimebanana kama dagaa: kalamu, kifutio, share, tafuta, kata ukurasa, saini, na nyingine sijui ni za nini mpaka leo. Simu yenyewe iko kwa Kifaransa. Ukigusa moja kwa kidole cha mguu, umegusa tatu.

Basi siku ya balaa ikafika.

Alikuwa anasoma masahihisho mapya. Kidole kikagusa kalamu bila yeye kujua. Alipojaribu kusogeza ukurasa, app ikachora mstari mwekundu mnene toka juu hadi chini. Akajaribu kurudisha, ikachora mwingine. Akahamaki, akakanyaga share, kisha jina la kwanza lililotokea, na hati nzima yenye michoro ikaenda kwenye group la akina mama wa kwaya.

Mama mmoja akajibu palepale: "Amina."

Leo tunacheka. Siku ile hapana. App ilikuwa imehifadhi ile michoro yenyewe, na maandishi mengi ya mwalimu yalikuwa yamefunikwa. Ikabidi amwombe atume tena. Mwalimu alituma, lakini chini yake akaandika kwamba kama bibie hayuko tayari aseme tu, atamhamishia kwenye orodha ya mwaka unaofuata.

Ile ilimuuma.

Mama yangu mzazi alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Kasaji, mji ulio magharibi mwetu, kutusaidia na watoto. Naye hakuwa na ubaya, aliona tu mkamwana wake anavyokonda.

"Masomo haitakimbia," akasema. "Batoto beko badogo. Aache kwanza mwaka moja, ata mbili. Nani atamukatalia?"

Nikamwangalia mke wangu. Nikamuuliza yeye anataka nini.

"Mi sitaki kuacha," akasema. "Masomo hainishinde. Ni ile simu njo inanishinda."

Nikajiambia, kumbe. Kama ni simu, hicho ni kitu cha fundi. Mimi kazini mpini ukiwa haumfai mtu, nakata, nachomelea mwingine unaomfaa. Kwa nini simu iwe tofauti?

Jumapili baada ya ibada nikaichukua simu, nikakaa kibarazani.

Mimi si mtu wa teknolojia. Nilifungua settings zote, nikasoma kila neno, hakuna kitu. Njia niliipata kwa bahati: nilishikilia kidole kwenye toolbar muda mrefu, ikatokea "Personnaliser", maana yake panga unavyotaka wewe. Batani zote zikaanza kutikisika, kila moja na alama ya kutoa.

Nikatoa kalamu. Nikatoa kifutio. Nikatoa share kwa furaha kubwa. Utamu ukanikolea, nikatoa mpaka toolbar yenyewe ikapotea, sijui narudije. Jasho likanitoka. Nikatafuta mpaka nikaona "Réinitialiser", vyote vikarudi, nikaanza upya kwa adabu.

Safari hii nikabakiza tatu: ukurasa wa nyuma, ukurasa wa mbele, kukuza maandishi. Nikashusha toolbar yote chini ya skrini. Nikachagua batani kubwa. Nikawasha hali ya kusoma tu, ili hata kidole kikipotea njia hakuna kinachoandikwa.

Kisha nikavua kiatu nikajaribu mwenyewe. Kidole changu ni kipana kuliko cha mke wangu mara mbili, na kilipita bila kukosea. Jirani alinipitia wakati ule. Aliniangalia, akaangalia mguu wangu juu ya simu, akaendelea na safari yake.

Nikampelekea mwenye mali. Akajaribu, akakunja uso.

"Umetosha yote! Sasa nikitaka kurudia pa ile tableau, nitafanya namna gani? Nifungue paji yote moja moja?" Kwetu kutosha ni kutoa, tableau ni jedwali, paji ni ukurasa.

"Unataka nini?"

"Minataka alama. Niguse, inipeleke palepale. Na uiweke mbali na bile bingine. Muguu yangu haiko sindano."

Alikuwa na haki. Nikaongeza batani ya alama, nikaipeleka kona ya kushoto peke yake, na zile za kugeuza ukurasa nikaziweka kulia, upande wa mguu anaoutumia. Akajaribu tena. Mbele, mbele, nyuma, alama. Akatikisa kichwa kukubali, macho hayajatoka kwenye maandishi. Hata asante hakusema, alikuwa ameshaanza kusoma.

Kesho yake kazini nikachomelea stendi ya nondo nyembamba, inayoinua simu kama kitabu kanisani, miguu yake nimeivika mpira isiteleze. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na niseme bila aibu, ilitoka safi.

Toka hapo nyumba ikabadilika. Watoto wananyonya, mama yao anageuza kurasa. Akitaka kuandika, ananiambia mimi niandike, au anakariri mpaka mikono iwe huru.

Mama yangu alikuwa anakaa pembeni anachambua maharage. Siku moja akauliza: "Ile karatasi inasema nini?"

Mama Mbuyi akamweleza. Kwamba mwanamke anaficha mimba akiogopa maneno ya watu. Kwamba anangoja mume arudi kutoka shimoni ndipo atoke. Kwamba anadhani kliniki ni ya mtu mgonjwa tu.

Mama akaacha maharage.

"Ata mi nilichelewaga kuenda," akasema. "Mimba ya kwanza, kule Kasaji. Nilifika saa mutoto anashaharibika. Hakuna mutu aliniambiaka."

Mimi ni mtoto wake, na sikuwahi kusikia habari hiyo.

Mama Mbuyi akamwambia, "Mama, ni juu ya ile njo ninaandika."

Neno la kuacha masomo halikusikika tena nyumbani kwangu. Kinyume chake, mama ndiye alianza kufukuza wageni: "Anasoma, mupite siku ingine."

Siku ya défense tulikwenda sote. Mimi nilimbeba Kabanga, mama akambeba Mbuyi, tukasimama nje chini ya dirisha kwa sababu ukumbi ulijaa. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo tulisikia kila neno.

Alianza sauti ikiwa ndogo. Kisha alipofika kwa wanawake wa Kasulo, sauti ikapata nguvu. Walimuuliza maswali makali, hasa yule mwalimu wake. Alijibu moja baada ya lingine, akitaja hadi ukurasa.

Mbuyi akalia katikati. Ndani, Mama Mbuyi akakatisha jibu. Nikajua amesikia. Nikangoja atetereke. Akavuta pumzi, akamalizia jibu lake.

Mwishoni rais wa jopo akamuuliza kwa Kifaransa, nusu kwa utani: "Bibie, na watoto wawili, uliyasoma haya yote vipi?"

"Avec le pied, Monsieur le président," akajibu. Kwa mguu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Akaeleza: kigoda, stendi, batani nne. Akasema, "Mume wangu ndiye aliyezipanga." Mimi niko nje chini ya dirisha, na mtoto amenikojolea shati, na sikuwahi kujisikia mtu mzima kama dakika ile.

Walimpa distinction, daraja la juu. Aliyepiga vigelegele wa kwanza alikuwa mama yangu, kabla hata rais hajamaliza sentensi.

Kwa nini naandika haya, wakuu?

Yule aliyepanga batani za simu yako hajui nyumba yako. Hajui una mtoto mkononi, au mkono wako unatetemeka, au macho yamechoka. Alipanga kwa kukisia. Basi panga wewe. Shikilia kidole, toa usichotumia, shusha chini, kuza. Ukiharibu, kuna kurudisha. Na umuulize mtumiaji mwenyewe, maana mimi nilidhani tatu zinatosha kumbe ni nne.

Tatizo nililobaki nalo: app ikifanya update inarudisha kila kitu kama mwanzo, kalamu na share zinarudi juu. Anayejua namna ya kuhifadhi mpangilio anisaidie.

Na wewe, umewahi kumpangia mtu simu kwa sababu ya hali yake? Ulitoa nini, ukaacha nini? Weka hapa, nasoma zote.

Mama Mbuyi ameanza kazi kwenye kituo cha afya. Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza. Tulipita kati ya nyumba za Kapata, yeye mbele na koti lake jeupe, mimi nyuma na mkoba wake. Tata mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wetu, alikuwa amekaa mlangoni. Alipomwona akasimama, akavua kofia: "Bonjour, madame."

Nilichelewa kazini siku ile. Sikutaka tutembee haraka.