Kitabu cha Poka cha Hortense

Hortense anauza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni Makindye, na kila Jumapili anaimba kwaya katika kanisa la Wakongo wenzake. Kwa hiyo aliponiomba mimi jirani yake nimsindikize mjini kutafuta kitabu cha kufundisha poka, ule mchezo wa karata wa kamari, nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Mama Wangila, minasema kweli," aliniambia. "Ni juu ya Emile."

Emile ni mumewe, fundi viatu. Kiharusi kilimwangusha, kikamlaza uso upande mmoja, kikavuruga kumbukumbu na kumnyang'anya maneno. Zamani, kila Ijumaa mchana, alicheza poka na wenzake wa Bukavu pale kibarazani. Kanisa lao halitaki kamari, basi walichezea maharage makavu. Aliyeshindwa aliyapika, wakala wote. Hortense alikuwa akiwapita bila hata kuwatupia jicho, maana aliona ni uvivu mtupu. Wale wenzake wametawanyika, mmoja yuko Kanada, mwingine kaburini. Siku hizi Emile huketi peke yake, mkono wake mzima ukigawa karata zisizokuwepo. Hortense alitaka kitu kimoja tu: mumewe aseme naye tena, hata neno moja.

Mjini tulimkuta Erinayo, muuza vitabu vya mitumba, amevipanga kando ya barabara.

"Nnyabo, mama, chukua hii," alimwambia Hortense. "Iko ya kusoma sura ya watu. Unaangaria mutu usoni, unajua iko na karata gani."

Hortense alikigeuzageuza, akakirudisha. "Sura ya bwana yangu haisemi tena kitu."

Erinayo akatoa kingine, kinene, kimejaa hesabu kama cha sekondari. Hicho nilikikataa mimi. Cha tatu kilikuwa chembamba, jalada limechanika, kimeandikiwa wanaocheza kidogokidogo na marafiki, kina picha kubwa za karata. Kilikuwa cha Kiingereza, nikamfasiria ukurasa wa kwanza: katika michezo ya dau dogo usijifanye una karata kali ili uwatishe wenzako, kwa sababu hakuna anayetishika. Tulia, subiri karata nzuri.

"Aliyeandika hii anajua ndoa," Hortense alisema. Akakinunua, akakitia ndani ya kifuko cha Biblia chenye zipu ili wanakwaya wasimsute.

Tulikisoma nyuma ya meza yake ya samaki. Alikuwa mwanafunzi mbovu, sitamsingizia. Alisahau kipi kinashinda kipi, na akipata karata nzuri aliinuka kidogo kitini, mtu yeyote angejua. Nilimkaripia mara nyingi. Aliomba radhi, akarudi mwanzo wa ukurasa.

Ijumaa moja mchana aliweka meza kibarazani, akamwaga maharage, akamgawia mumewe karata. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua mchele, ingawa mchele wenyewe siukumbuki. Emile alizitazama karata zake. Kisha akasukuma maharage mbele, na mkewe akafuata. Walicheza hivyo, mchezo baada ya mchezo, hadi Emile akafungua mdomo. Maneno yalitoka yamepinda, lakini yalikuwa maneno, na mimi machozi yalinitoka kwa furaha.

"Weye unachezaka muzuri, rafiki yangu," alisema. "Bibi yangu hajue huu muchezo. Nilitakaka kumufundisha. Nilikuwa naogopa ataniona mutu wa bure."

Hortense alizilaza karata zake mezani. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie Emile kuwa mkewe ndiye huyo, mtazame! Badala yake niliinamia mchele wangu. Jambo hilo lilinichoma, na bado linanichoma.

Emile aligeuza shingo kwa taabu, akaangalia mlango wa chumba chao, kisha akamgeukia tena yule aliyeketi mbele yake.

"Eko wapi?" akauliza.

"Anakuja," Hortense alisema, akakusanya karata, akagawa upya.