Kumtua Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, na kwa jinsi alivyoanza na "shikamoo dada" iliyonyooka nikajua kuna kitu anataka. Nilidhani ni dagaa. Kwa kawaida huwa ni dagaa, au migebuka mikavu, wale samaki wa ziwa letu, ya kuwapelekea wakubwa zake kazini, au mawese ya Ujiji, nami hufunga mzigo nikaupandisha kwenye basi bila kuuliza. Safari hii alitaka miguu yangu. Kulikuwa na mashindano ya mazoezi ndani ya ukumbi mkubwa, watu wawili wawili: mnakimbia kilomita moja, mnafanya kazi moja nzito, mnakimbia tena, mnafanya nyingine, mpaka kazi nane ziishe. Mwenzake wa jimu alikuwa ameteguka goti, na hakupata mwingine.

"Wewe dada una nguvu," aliniambia. "Hata mgongo haujawahi kukuuma."

Si kweli. Mgongo unaniuma tangu nilipokuwa na miaka kumi na minane, mwaka aliofariki mama yetu akaniachia huyu mtoto wa miaka sita. Niliacha shule nikashuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, boti za samaki zinakotia nanga, nikawa nanunua dagaa kwenye boti zinazotoka Mwamgongo, nabeba kichwani, nauza sokoni Mwanga. Kichwa hiki ndicho kilichomsomesha. Silalamiki kwa hilo, ni damu yangu. Ninacholalamikia ni kwamba kwenye simu mimi ni dada, lakini mbele ya watu wake sijawahi kuwa dada. Siku ya mahafali yake ya chuo aliwaambia wenzake kwamba mimi ni "ndugu kutoka nyumbani", nami nikaendelea kula pilau. Basi aliposema tutakimbia pamoja, majina mawili kwenye karatasi moja, nilikubali kabla hajamaliza. Nilijua watu watamuuliza huyu ni nani wako, na safari hii itambidi ajibu.

Nikaanza mazoezi nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Alinitumia video, nikaziangalia nikacheka peke yangu. Kazi mojawapo ilikuwa mashine ya kupiga makasia: mtu amekaa chini ndani ya nyumba, anavuta kamba kwa jasho lote, na maji hakuna. Huku kwetu mtu akifanya hivyo ndugu zake wanakaa kikao. Lakini nilifanya. Nilijaza mawe kwenye sanduku la samaki nikalivuta kwa kamba mchangani. Nilibeba madumu mawili ya maji, moja kila mkono, nikapanda nayo mlima na kushuka. Mpira mzito wa kurusha ukutani niliushona mwenyewe kwa turubai nikaujaza mchanga, nikaurusha kwenye ukuta wa choo mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza, kwa upole wa mtu anayeanza kuogopa, kama nina matatizo.

Asubuhi nilikimbia kutoka Mwanga hadi Ujiji na kurudi. Kukimbia si kazi, kazi ni shikamoo. Huwezi kumpita mzee hivi hivi, na wazee wa Ujiji huamka mapema wote. Nilikuwa natoa shikamoo huku pumzi imekatika, wananiitikia marahaba kwa sauti ya pole. Mmoja alinisimamisha kabisa akauliza nimekimbia nini, na nyumbani kuna usalama? Nilimwambia nafanya mazoezi ya kwenda kukimbia na mdogo wangu Dar es Salaam. Akatikisa kichwa, akasema huyo mdogo wako ana bahati. Nilikimbia vizuri sana siku ile.

Kazi iliyonisumbua ilikuwa ya mfuko wa mchanga. Unaubeba mabegani, unatembea kwa hatua ndefu, kila hatua goti liguse chini. Masharti yake mdogo wangu alinieleza mara tatu: mkishaunyanyua hauruhusiwi kugusa sakafu mpaka mstari wa mwisho, na mkitaka kupokezana unatoka bega la mmoja kwenda bega la mwingine. "Dada, usiutue," alisema. Nikamwambia nimesikia.

Shida ni kwamba mwaloni kwetu mtu hajitwiki mzigo mwenyewe wala hajitui mwenyewe kama kuna mtu karibu. Ukiinama tu kushika gunia, anakuja yeyote aliye jirani, mnashika huku na huku, linapanda kichwani juu ya ngata yako, kile kitambaa tunachokiviringa ili mzigo utulie. Ukifika, unasimama tu. Huombi. Mtu anaacha alichokuwa anafanya, anakutua. Hata mliogombana jana mnatuana, mkimaliza mnaendelea kununiana. Kumwacha mwenzako ahangaike na mzigo kichwani huku unamwangalia ni jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa na mtu mwenye akili zake.

Kwa hiyo nilipojaza mfuko mchanga na kuanza kujitwika mwenyewe pale mwaloni, wanawake hawakunielewa. Kila nikiinama wanakuja. Nawafukuza, wanarudi. Siku ya tatu nilikuwa mkali, nikawaambia waniache. Mmoja wao, mama wa kutoka Kidahwe ambaye tumeuza naye dagaa meza moja kwa miaka, alinifuata baadaye.

"Mwakeye," aliniamkia Kiha, taratibu, kama anavyoamkiwa mfiwa. "Tumekukosea nini mwenzetu?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama huko Dar es Salaam watu hawana mikono. Lakini aliwaambia wenzake, wakaacha kuja. Nilifanya mazoezi hivyo miezi mitatu, nikijitwika na kujitua, nao wamekaa pembeni wameshika viuno, wanaumia kuliko mimi. Nilizoea. Nilijifunza kutosaidiwa, na niliona hilo ndilo somo lenyewe.

Nilisafiri kwa treni. Mdogo wangu alinipokea stesheni akiwa na rafiki zake wawili, wote wamevaa nguo za kubana za rangi moja. Sikupewa shikamoo. Alisema, "Umefika? Safari vipi?" Nikajisemea amechanganyikiwa na shughuli. Mimi ni bingwa wa kumtafutia sababu.

Ukumbini kulikuwa na muziki wa kupasua masikio na taa za rangi mchana kweupe. Tukaanza. Sisemi kwa majivuno, lakini kwenye kuvuta lile sanduku lao la chuma niliwapita vijana wa kike walionikuta nje wakadhani nimekuja kufagia. Madumu yao yalikuwa na vishikio laini. Kwenye makasia nilimpokea mdogo wangu mapema kwa sababu alikuwa anahema vibaya. Watu walianza kushangilia upande wetu, na nikamwona anatabasamu, ananiangalia kweli, kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikirudi kutoka sokoni. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Mfuko wa mchanga ulikuwa kazi ya saba. Nilibeba mimi kwanza, nusu ya njia, kisha nikampa, bega kwa bega, kama sharti linavyosema. Akaenda hatua kumi na kitu. Akashindwa kushusha goti tena. Akasimama. Hakuniita wala hakuniangalia, alisimama tu na mzigo, shingo imekaza, uso ule ule aliokuwa nao akiwa na miaka tisa chini ya ndoo ya maji ya ziwani, akinisubiri mlangoni kwetu nitoke.

Nikatoka. Sikuamua. Nilishika mfuko kwa mikono miwili, nikamtua, nikauweka chini taratibu usimpige miguu.

Filimbi ililia. Msimamizi, mwanamke mwenye fulana ya njano, alikuja akasema mfuko umegusa sakafu kabla ya mstari, matokeo yenu hayatahesabiwa, mnaweza kumalizia kwa kujifurahisha. Mdogo wangu aliangalia mfuko, akaniangalia mimi. Nilijua sharti lile kama ninavyojua jina langu.

Yule msimamizi, nadhani kwa huruma, alimuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Swali langu hilo. Nililikimbilia miezi mitatu kwenye barabara ya Ujiji.

"Ni mtu wa kwetu Kigoma tu," mdogo wangu alisema. "Mwenzangu aliumia, ndiyo nikamwita."

Hatukumalizia. Stesheni nilikwenda peke yangu. Treni ilikuwa imeshaondoka alipotuma ujumbe: asante kwa kujitahidi, dada, na ukifika nitumie migebuka kidogo, bosi ameulizia. Nilifika, nikatafuta mizuri, nikaifunga, nikatuma. Sikuweka barua. Nina hasira naye hadi leo, na kwa hasira hiyo hiyo nilimfungia migebuka.

Wiki ile ile nilirudi mwaloni. Boti ya Mwamgongo ilikuwa imefika, na mwanamke mmoja ambaye sijawahi kumwona akapanda mchangani na gunia la dagaa kichwani, akaja akasimama mbele yangu, shingo imekaza, bila kuomba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mikono yangu ilisita. Ilisita kidogo tu, lakini aliona, akanitazama asielewe nina nini. Nikashika gunia, nikamtua.

"Asante dada," alisema, akajifuta jasho.

Nilikaa juu ya gunia lake nikalia, naye mgeni wa watu akabaki amesimama, ananiuliza amenikosea nini.